Mambo Kumi na Mawili na Tone Moja la Damu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeleta karatasi kubwa nyeupe. Iko mezani, tupu.

Huu ni mwaka wa thelathini na nane. Nilianza 1988, mwalimu mpya wa biolojia: kila Desemba naandika mambo kumi na mawili ambayo sayansi imeyafanya katika mwaka unaokwisha, kisha nabandika mlangoni. Zamani ulikuwa mlango wa darasa. Tangu nistaafu ni mlango wa nyumba yangu hapa mtaa wa Mapendo, Goma. Watu wanasimama, wanasoma, wanabishana, wananigongea. Masharti ni mawili. Jambo liwe la mwaka huu huu. Na niwe nimelipata sehemu mbili tofauti, si redio moja tu. Uvumi haupandi mlangoni kwangu.

Mambo ya wanaoushika mji sasa sitayaandika humu. Daftari linaweza kusomwa. Naandika sayansi, na nyumba yangu.

Yaliyopatikana tayari: darubini mpya ya Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwezi wa sita. Nyota yenye mkia iliyotoka nje kabisa ya familia ya jua letu – kitu cha tatu tu cha namna hiyo kuonekana. Sindano ya kujikinga na Ukimwi, mbili kwa mwaka, basi. Dawa ya malaria iliyopimiwa watoto wachanga wa chini ya kilo tano – mpaka mwaka huu tulikuwa tunavunja vidonge vya wakubwa kwa kubahatisha!

Na mtoto yule wa Amerika. Hilo ni namba moja, nalijua. Alizaliwa na kosa la herufi moja katika maandishi ya mwili wake. Ini likashindwa kusafisha sumu. Madaktari wakatengeneza dawa yake peke yake, kwa miezi sita, dawa inayokwenda kutafuta herufi ile na kuibadilisha. Herufi moja! Hawasemi amepona kabisa. Lakini alirudi kwao mwezi wa sita, yuko hai.

Nimeshika kalamu niandike namba moja. Mkono ukakataa.

Mjukuu wangu Ramla naye ana kosa la herufi moja. Lake liko katika damu. Ana miaka tisa. Mama yake, Aziza, ana mimba ya miezi saba na nusu.

Jumatano, 12 Novemba

Krizi, maumivu ya ghafla ya ugonjwa wa Ramla.

Ilianza alfajiri kwenye magoti, saa mbili imefika kifuani. Motari alitubeba kwa pikipiki yake, mimi nyuma, Ramla katikati, anang'ata shuka asipige kelele. Kila jiwe la barabara nililisikia kupitia mgongo wake.

Hospitali: damu imeshuka mno, lazima aongezwe. Benki ya damu haina ya kundi lake. Leteni watu, wakasema. Ndivyo ilivyo hapa: damu ya mgonjwa inatoka mlangoni kwa mgonjwa. Mimi nimepita umri. Aziza ana mimba. Mwanangu Aboubacar, baba wa Ramla, yuko Kindu tangu mwezi wa tano, na njia ya kurudi haipo, ya chini wala ya hewa.

Niliwaeleza wanafunzi ugonjwa huu, selimundu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Chembe nyekundu inapinda kama mundu, inakwama kwenye mshipa mwembamba, nyuma yake zinakwama nyingine. Nilikuwa nachora vizuri sana. Leo chaki haikunisaidia kitu.

Nilimpigia jirani, Ndagijimana. Dereva wa lori wa Rutshuru, lori lake limesimama uani tangu mwezi wa kwanza. Alifika na kandambili.

"Mwalimu, yangu ni O. Inaingia kwa kila mutu, fasi yote, kama vumbi ya hapa Goma."

Akalala, wakamtoboa. Akamwangalia Ramla kitanda cha pili.

"Lakini nakuambia mbele, mwalimu, usinishitaki. Akiamka anasema Kinyarwanda, kosa si yangu."

Jumamosi, 15 Novemba

Amefungua macho asubuhi hii. Manjano, lakini yamefunguka. Ndagijimana alikuwa mlangoni na uji.

"Mwaramutse, papa Ndagi," Ramla akamwamkia kwa Kinyarwanda. Sauti kama uzi.

Bwana yule alicheka mpaka akafukuzwa na muuguzi. Nilimwona ukumbini amegeukia ukuta, anajifuta uso kwa kofia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Hii ni krizi ya nne mwaka huu. Mwaka jana zilikuwa mbili.

Jumatano, 26 Novemba

Ramla yuko nyumbani. Anywe maji, anywe maji – ndiyo dawa ya kwanza, damu isizidi kuwa nzito. Maji yenyewe yanapanda kutoka ziwani Kituku kwa bidoni, yaani madumu, tunatia klorini, tunangoja. Kila glasi namtazama akiimaliza. "Babu, nitakuwa sambaza," anasema, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Marie-Claire alipita. Ni muuguzi, nilimfundisha darasa la nne sekondari. Mpaka leo anasimama nikiingia. Alinivuta uani, sauti chini. Kituo chao cha afya kina vipimo vidogo vya SS, selimundu, vya kufanyia palepale, bila maabara, bila umeme. Tone moja la kisigino cha mtoto mchanga, dakika kumi, jibu. Viliachwa na shirika fulani. Vimebaki viwili. Kimoja amemwahidi mama mmoja wa Kanyaruchinya ambaye ameshazika wawili. Kingine anakiweka kwa ajili yetu. Lakini kinaisha muda tarehe 31 Desemba.

"Mwalimu, baada ya hapo sijui lini tutapata ingine."

Nilimshukuru. Kipimo hiki si cha mwaka huu, hakiwezi kupanda kwenye karatasi. Nimecheka peke yangu kidogo. Kitu pekee cha sayansi kitakachoingia nyumbani kwangu, na hakitimizi masharti!

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemwambia Aziza habari ya kipimo. Niliandaa maneno kama somo. Mtoto akijulikana mapema anaanza penisilini akiwa na miezi miwili. Chanjo zake zinafuatwa. Homa ya kwanza hatusemi ni malaria tu. Wengi wanakufa kabla hata ugonjwa haujapewa jina. Nilieleza vizuri, polepole.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Hapana."

Nikasema, mwanangu –

"Ramla nilimunyonyesha miezi sita bila kujua. Ile miezi sita njo furaha nilipata. Nikijua siku ya kwanza, nitaanza kumulilia mutoto akiwa muzima. Sitaki."

Nikaanza tena, penisilini, chanjo. Ndipo akaacha mchele.

"Baba mukubwa. Wewe njo ulitufunganisha ndoa."

Miaka kumi na moja hajaniita hivyo. Aziza ni binti wa marehemu mdogo wangu Ridhwani. Alipoolewa na mwanangu aliacha "baba mkubwa", akaniita "papa" kama wakwe wote. Leo amerudi nyuma ya ndoa, akanitazama kutoka huko.

Nimetoka nje. Nimekaa karibu na lori la Ndagijimana mpaka adhana.

Jumamosi, 29 Novemba

Andika, mzee. Hata kama daftari litasomwa.

Mwaka 2014. Barazani kwa Ridhwani. Sisi ni watu wa Kasongo, wafanyabiashara, na kwetu mtoto wa ndugu anaolewa na mtoto wa ndugu ili ukoo usitawanyike. Kila kitu cha harusi ya Aboubacar na Aziza kilikuwa tayari, kadi zimeshagawiwa. Shangazi mmoja – hakusoma, lakini hakuwa mjinga – akasema amesikia redioni kwamba ndugu wapimwe damu kwanza. Wote wakanigeukia. Ridhwani akasema, tunaye msomi hapa, kwa nini tuulize redio? Mwalimu, kuna shida?

Wiki ile ile nilikuwa nimechora ubaoni mraba wa urithi. Baba mbebaji, mama mbebaji, wazima wenye kosa lililojificha. Vyumba vinne. Kimoja mzima, viwili wabebaji, kimoja mgonjwa.

Na nilikuwa namkumbuka Zaituni. Dada yetu. Alikufa Kasongo akiwa na miaka saba, mikono imevimba, macho ya manjano. Nyumbani walisema "mifupa". Mimi nilipofika chuo nilijua ilikuwa nini. Ridhwani hakujua, alikuwa mchanga. Nilikuwa peke yangu ninayejua katika baraza lile.

Nikasema: hakuna shida.

Kwa nini? Kadi zilikuwa zimeshatoka. Mama yetu alikuwa hai, amevaa kitenge kipya. Na walikuwa wananitazama kwa fahari sana.

Maneno mawili. Mimi ninayedai habari ipatikane sehemu mbili ndipo niiandike.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwambia. Baada ya sala ya Ijumaa, kabla woga haujanirudisha. Zaituni, baraza, yote.

Aziza alikuwa anafua nguo ndogo za mtoto, zile za Ramla za zamani. Aliendelea kufua.

"Na ulikuwa unajua ile mraba."

Ndiyo.

"Ramla umemuchorea pia. Kwa daftari yake. Ameniletea nione, anajivuna." Akakamua nguo, akaitundika. "Jina ya ule dada yako ulisema nani?"

Zaituni.

Alipomaliza kutundika alinikabidhi beseni nimwage maji, kama siku zote. Sijui maana yake. Nikajimwagia miguu.

Jumatano, 10 Desemba

Karatasi: kumi na moja yameandikwa, kuanzia namba mbili. Namba moja bado nyeupe.

Ndagijimana ameisoma yote amesimama, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Darubini imempendeza. Ile ya mashine zinazoandika na kuongea kama mtu, zilizopata mwaka huu alama za dhahabu katika mashindano ya hesabu ya vijana wa dunia, haikumpendeza.

"Inajua hesabu, sawa. Inaweza kubadilisha pneu ya gurudumu?"

Nikasema bado.

"Basi niko na kazi." Akanyoosha kidole kwenye nafasi tupu. "Na hapa?"

Nikamweleza mtoto wa Amerika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hiyo iandike. Ni kweli?"

Ni kweli.

"Aziza akipita hapa kila siku na tumbo yake, anasoma ya kwamba kuna mutoto walimutengeneza herufi, na yake..." Akakuna shingo. "Usiandike. Ao andika. Mimi ni wa lori."

Sijaandika. Naogopa vyote viwili: kumpa tumaini ambalo halina ndege ya kulileta, na kumficha jambo kwa mara ya pili.

Jumatano, 17 Desemba

Msichana! Saa tatu asubuhi. Kilo tatu kasoro kidogo. Analia vizuri, analia kwa hasira.

Nimemwadhinia sikioni. Ni mwekundu, mzima, ana vidole vyote. Wote huwa hivi wakizaliwa – mtoto anakuja na damu ya tumboni, ambayo haipindi, inamlinda miezi michache. Ramla naye alikuwa hivi hivi. Nililijua hilo nikiwa nimemshika, na sikuweza kulisahau hata kwa muda wa adhana moja.

Ramla amehesabu kucha zake. "Babu, iko chumba gani?"

Chumba gani?

"Ya mraba."

Nimesema sijui. Ni jibu la kweli, na limenitisha kuliko majibu yote niliyowahi kutoa darasani.

Jumanne, 23 Desemba

Siku ya saba. Amenyolewa, mbuzi mdogo amechinjwa uani, majirani wote wamekula. Aboubacar alikuwa kwenye simu kutoka Kindu, sauti inakatika. Alimwachia Aziza achague jina.

Aziza alinitazama mimi, si simu.

"Zaituni."

Watu wakasema jina zuri, la zamani. Hakuna aliyejua. Ndagijimana alipiga makofi.

Ni msamaha? Ni hukumu? Nimelifikiria mchana kutwa. Jioni alipokuwa ananyonyesha nikakaa mbali kidogo, nikangoja. Akasema bila kuinua macho:

"Ambia Marie-Claire akuje na kile kipimo. Sasa iko na jina. Zaituni ya kwanza hakuna mutu alimusemea ukweli. Huyu tutamusemea."

Kisha: "Lakini wewe njo utasoma. Si mimi, si Marie-Claire. Wewe."

Jumamosi, 27 Desemba

Marie-Claire hajaja. Simu yake haipatikani. Watu wanasema barabara ya Kanyaruchinya ilifungwa jana na leo. Kwa nini – hatuulizi.

Siku nne zimebaki. Nimekwenda mara mbili mpaka kituo cha afya, nimerudi. Ramla analalamika goti. Nimempa maji. Nimempa mengine.

Miwani yangu ina mkwaruzo katikati ya jicho la kulia. Sijawahi kuujali. Leo nimeisafisha mara kumi, mkwaruzo hauondoki.

Jumatatu, 29 Desemba

Hakuna habari. Nimeogopa kwamba hatakuja. Kisha nimegundua kwamba kwa saa nzima nilikuwa natumaini hatakuja. Nimejionea haya.

Saa kumi jioni ujumbe: kesho asubuhi, mwalimu, naleta. Yule mama wa Kanyaruchinya amepimiwa mtoto wake. Nikauliza jibu. Akaandika: mzima, AA, mama alizimia kwa furaha.

Nimefurahi kwa ajili yake. Nimefurahi kweli. Halafu nikajikuta nawaza kama mjinga, kwamba bahati imetumika kule. Vipimo viwili, mraba mmoja! Nilipokuwa mwalimu nilikuwa namwekea sifuri mwanafunzi anayeandika hivyo. Kila mtoto ana mraba wake. Kila mtoto ana mraba wake.

Jumanne, 30 Desemba

Saa nne na dakika tano asubuhi. Naandika kwa sababu mikono lazima ifanye kitu.

Marie-Claire amekuja, ameosha mikono, ametafuta mahali peupe penye mwanga. Hakuna meza nyeupe katika nyumba hii. Ametandaza karatasi ya mwaka karibu na dirisha, akaweka kipimo juu yake, kwenye nafasi tupu ya namba moja. Hakujua. "Hapa mustari itaonekana muzuri," akasema.

Tone limetolewa. Zaituni alilia mara moja, akarudi kwenye titi. Aziza amegeuza kiti, ametupa mgongo.

Nieleze, ili nitulie. Kipande cha plastiki, urefu wa kidole. Ndani yake karatasi inayonywa damu. Mistari inaweza kutokea mahali patatu. Wa juu kabisa unasema kipimo ni kizima. Chini yake S. Chini ya S, A. Ikitoka A peke yake: mzima. S na A: mbebaji kama baba na mama yake, ataishi maisha yake. S peke yake: kama Ramla. Kwa mtoto mchanga mstari wa A huwa hafifu sana, kwa sababu damu nyingi bado ni ile ya tumboni. Marie-Claire ameonya: usisome kabla ya dakika kumi, na usisome kwa haraka.

Dakika ya pili. Mstari wa juu umetokea. Kipimo ni kizima, siku moja kabla ya mwisho wake.

Dakika ya nne. S.

Umetokea wazi, mwekundu, hata kwa miwani hii. Aziza ameuliza, "Papa?" – papa, amesema papa – nikajibu bado, tungoje.

Hesabu imejifanya yenyewe, sikuiita. Kabla ya tone, hatari ilikuwa moja kwa nne. Sasa chumba cha AA kimefungwa. Vimebaki vitatu: wabebaji wawili, mgonjwa mmoja. Si robo tena. Ni theluthi.

Dakika ya sita. Chini ya S ni peupe. Au ni mkwaruzo wa miwani. Nimeivua, nimeivaa. Peupe.

Ndagijimana yuko mlangoni na kofia mkononi, haingii. Amesema polepole kwamba hata lori lake linachukua muda kuwaka.

Dakika ya saba. Nikiinamisha kichwa hivi naona kivuli cha kitu. Nikikiinamisha upande wa pili hakuna. Nilisema maneno mawili mwaka ule bila kuangalia. Leo naangalia, naangalia, na macho hayatoshi!

Dakika ya nane. Ramla amekuja. Sikumwita. Amesimama kwenye kiti, glasi yake ya maji mkononi, ameinama juu ya karatasi. Anajua mahali pa S, anajua mahali pa A. Mimi ndiye nimemfundisha. Macho yake ni ya manjano kidogo asubuhi hii, lakini yanaweza kuona hata sindano iliyoanguka sakafuni.

Amesogeza uso karibu. Midomo inahesabu.

"Babu," anasema, "toa kichwa. Unanizibia mwanga."